Tupeane uzoefu: talanta uliyoifukia

Mhasibu Kimya (Free Area, Nakuru)

Bwana asifiwe wapendwa. Jumapili iliyopita tulisoma Mathayo 25, ile ya talanta. Nimeisikia tangu utotoni, na siku zote nilidhani yule mtumwa wa tatu alipewa kasarafu fulani akakazika. Mzee aliyehubiri akatupigia hesabu. Kibarua wa shamba la mizabibu kwenye Mathayo 20 alilipwa dinari moja kwa siku, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Ukichukua siku 300 za kazi kwa mwaka, hiyo ni mishahara ya miaka 20. Yaani huyu tunayemwita wa kidogo alichimbia ardhini kazi ya miaka ishirini!

Niliangalia viatu vyangu mpaka baraka ya mwisho. Mimi ni mhasibu, vitabu vya sacco ndiyo kazi yangu kutwa, lakini kanisani kwetu hakuna anayejua. Wakiuliza nasema "niko ofisi fulani huko tauni." Kanisa nililotoka nilikuwa kwenye kamati ya ujenzi. Niliomba risiti za simiti, mifuko arobaini. Sikumtuhumu mtu, niliomba risiti tu. Kufika Jumatano nilishakuwa ndugu mwenye roho ya mashaka, na watoto wangu hawasalimiwi. Nikahama. Hapa nikaapa kwamba mimi na hela za kanisa tusijuane, na huu ni mwaka wa sita.

Basi tupeane uzoefu. Ulifukia nini, kwa nini, na uliwahi kuifukua? Waimbaji na wahubiri mnakaribishwa, lakini subirini kidogo. Nyinyi mna maikrofoni kila wiki.

Mama Uzi (Nyalenda, Kisumu)

Yangu sikuizika, niliifunika shuka. Mashine ya kufuma sweta. Wateja walinikimbia, maana nani afumiwe sweta na soko la Kibuye kuna marundo ya mitumba ya bei ya kutupa? Ikakaa kona ya chumba miaka minne, juu yake naweka ndoo.

Januari moja mtoto wa jirani akarudishwa nyumbani kwa sababu ya sweta. Viwiko vyote viwili wazi. Mamake akaja kukopa hela, nami sina. Lakini nilikuwa na sweta la marehemu mume wangu, rangi ileile ya shule. Nililiangalia usiku kucha. Asubuhi nikakata uzi wa shingoni nikaanza kufumua. Asiyejua ajue: uzi uliofumuliwa hutoka umejikunja kama tambi, ukiufuma hivyo sweta linakuwa na matuta. Unauloweka maji ya vuguvugu, unautundika kwenye kamba, chini unafunga jiwe. Ukikauka umenyooka.

Sasa kina mama wa ushirika wetu huniletea sweta mbovu mbili, natoa moja nzima. Mchungaji huniita Dorkasi, yule mama wa Matendo 9 aliyewashonea wajane nguo. Silipendi sana hilo jina, yule alikufa kwanza ndipo nguo zake zikaonekana.

Boda wa Mamboleo

Mama, jiwe la uzito gani? Mke wangu anauliza.

Mama Uzi

La kusugulia miguu linatosha baba. Likizidi, uzi unakatika.

Mwana wa Shinyalu (Kakamega)

Mimi ni mpigaji isikuti. Ngoma zetu ni tatu, wanaziita baba, mama na mtoto, na mimi nilikuwa wa ile kubwa. Nilipookoka nikaitundika jikoni juu ya moshi, kwa maana nyanya yangu alishika dini ya Marafiki (Quakers) iliyoshukia Kaimosi mwaka wa 1902, na kwake ngoma na pombe ya busaa ni ndugu wa tumbo moja. Sikumbishia.

Ngozi ya kenge ikikaa bila kupigwa inakuwa kama mkate mkavu. Miaka kumi na moja ikakaa. Halafu nyanya mwenyewe akafa, na usiku wa matanga kinanda cha kwaya kikazima, stima zimepotea kijiji kizima. Watu wameketi gizani wanasikilizana wakikohoa. Mjomba akaniambia polepole, "Ilete." Nikaipasha kwenye moto mpaka ikajibu kidole. Tukaimba tenzi kwa isikuti hadi alfajiri. Kama nyanya alikasirika, atanieleza tukionana.

Baadaye mjukuu wa mjomba akanionyesha kwenye simu kwamba UNESCO iliiweka isikuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, mwaka wa 2014. Mwaka huo yangu ilikuwa inakula moshi.

Mlokole wa Bahati

Ndugu, kwa upendo. Hizo ngoma zina mambo yake ya mila. Si kila kitu unachokiweza ni talanta kutoka kwa Mungu.

Mwana wa Shinyalu

Ni kweli, si kila kitu. Lakini Zaburi 150 imetaja matari, zeze na filimbi, kinanda chenu cha stima sikukiona.

Mhasibu Kimya

Wazee, tusifike huko. Mwingine.

Fundi Waya (Webuye)

Naomba nivuruge kidogo. Mimi sikuficha. Nilijitolea kanisani kwa stima na vyombo vya sauti, na nikajuta. Kesha wananiita, harusi ya mtoto wa mzee wananiita, mpaka nyumba ya shemasi nikaweka waya bure, nyaya nimenunua mimi. Nikisema sina, "lakini fundi, si hii ni talanta ya Bwana?" Mke wangu akauliza kama Bwana atalipa karo pia.

Nikazima simu Jumapili tatu mfululizo. Ya nne mchungaji akaja mwenyewe kwa miguu. Tukakubaliana: mikono yangu ni bure kwa nyumba ya Mungu, nyaya na swichi kanisa linunue, na nyumba za watu ni kazi kama kazi nyingine. Tangu hapo nafanya kwa furaha. Kwa hiyo mnapowahimiza watu wafukue, waulizeni pia nani aliwafanya wachimbe shimo.

Mhasibu Kimya

Hiyo ya mwisho imenipata hapa kifuani.

Mikono Miwili (Shabab, Nakuru)

Sijawahi kuandika hii. Mdogo wangu alizaliwa hasikii. Tulikulia Molo na mimi ndiye nilikuwa mdomo wake dukani, zahanati, kila mahali. Alipofariki niliacha kabisa lugha ya ishara. Nikianza tu kusogeza vidole namwona.

Kanisani kwetu kukaja kijana, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Nikagundua anacheka sekunde mbili baada ya wengine. Nilijua mara moja. Na nikanyamaza miezi minne, mikono kwenye mifuko ya sweta, Mungu anajua.

Siku moja tunakunywa chai baada ya ibada, mama wa zamu anamuuliza sukari, kijana haelewi, mama anazidi kupaza sauti kana kwamba ni mbali. Mkono wangu ukatoka wenyewe: vijiko vingapi? Yule kijana alimwaga chai yote.

Wiki iliyofuata nikasimama mbele kutafsiri. Aibu! Mimi na mdogo wangu tulikuwa na lugha ya jikoni: ugali, mbuzi, nipe, acha, miguu yako inanuka. Mchungaji akasema "upatanisho". Nikaganda. Nikaanza kutamka kwa vidole, herufi moja moja, na nilipofika kwenye S yeye alishahamia mstari mwingine. Kijana alikuwa amejishika tumbo kwa kicheko. Baada ya ibada akanivuta kando akanifundisha ishara ya neno hilo. Sasa kila Jumamosi ananifundisha maneno ya Jumapili, na kwenye benchi wako watatu, mmoja anatoka Njoro. Wameomba wahamie mbele.

Katiba ya 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kati ya lugha rasmi za Bunge. Bunge, jamani, limelitangulia kanisa!

Mama Uzi

Pole mwanangu kwa mdogo wako. Haya Mhasibu, sisi tumesema. Wewe je?

Mhasibu Kimya

Nipeni mpaka Jumapili.

Mhasibu Kimya (Jumapili, saa tatu usiku)

Nimemwambia mwenyekiti. Hakuuliza kwa nini nilinyamaza, aliingia stoo akarudi na katoni ya majani chai imejaa makaratasi. Nyingine zimeandikwa kwa kalamu nyuma ya bahasha za sadaka, nyingine panya ameshapitia. Nimezitandaza mezani, mke wangu ananiangalia tu. Ya juu kabisa ni ya simiti.