MJADALA: Machi 17 ya Waayalandi, ni sikukuu ya dini au ya bia na nguo za kijani?

Wadau, kila Machi hoja hii inarudi. Kuna wanaosema Siku ya Mtakatifu Patrick imeshakuwa ya taifa la Ayalandi na ya yeyote anayetaka kusherehekea, dini ikae pembeni. Wengine wanataka pombe ipigwe marufuku siku hiyo watu warudi kanisani. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinamruka mwenye siku yake, yaani Patrick, askofu aliyehubiri Ukristo Ayalandi.

Anayedai imekuwa siku ya kunywa tangu zamani aangalie historia. Machi 17 ndiyo tarehe ambayo mapokeo yanasema Patrick alifariki, karne ya 5. Huangukia Kwaresima, na mwaka 2008 ilipogongana na Juma Kuu, Kanisa liliisogeza sikukuu hadi tarehe 15. Baa za Ayalandi zilifungwa kisheria siku hiyo kuanzia 1927 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Magwaride yalikolezwa na wahamiaji Marekani. La New York ni la tangu 1762. Tamasha kubwa la Dublin lilianza 1996 tu.

Patrick mwenyewe ameacha maandishi mawili ya Kilatini. Alizaliwa Uingereza ya Warumi, baba yake shemasi, babu yake padre. Akiwa na miaka kama 16 alitekwa, akapelekwa Ayalandi, akachunga mifugo akiwa mtumwa kwa miaka sita. Katika andiko la kwanza anasimulia kwamba alisali hadi mara mia kwa siku, na usiku karibu idadi hiyo hiyo, penye theluji na mvua. Akatoroka. Baadaye akarudi kwa hiari yake, akiwa askofu, kwa watu wale wale waliomtumikisha.

Andiko la pili ni barua kali. Askari wa mtawala Coroticus waliwavamia Wakristo wapya, kesho yake tu baada ya kubatizwa, wakiwa bado na mavazi meupe na krisma (mafuta matakatifu) kwenye paji la uso. Waliobaki hai wakachukuliwa utumwani. Patrick alimtuma padre kuwadai mateka, askari wakamcheka. Ndipo akaandika kwamba wauaji hao watengwe, mtu asile wala asinywe nao mpaka watubu na kuwaachia mateka.

Hadithi inasema Patrick alifukuza nyoka wote Ayalandi, na kuna wanaomkataa wakisema nyoka hao ni mfano wa wapagani. Maandishi yake hayataji nyoka hata mmoja, na kisiwa hicho hakijawa na nyoka tangu Enzi ya Barafu.

Kwa Wakenya jina hili si geni. Mapadre wa Kiltegan waliohudumu Turkana na Kitui, shirika lao ni la kimisionari la Mtakatifu Patrick, lililoanzishwa Ayalandi Machi 17, 1932.

Msimamo wangu: sitaki baa zifungwe, ibada ya kulazimishwa na polisi haina thamani. Lakini barua ile isomwe hadharani siku hiyo, mashuleni na kwenye tamasha. Mtu aliyeonja utumwa akawatetea mateka anasikika kwa Mkristo, Mwislamu na asiye na dini. Na asivuliwe imani yake ili apendeze wengi. Mwenyewe anasema ni sala iliyomvusha.

Tamasha la Dublin lilianzishwa na serikali. Je, lina wajibu wa kumsimulia Patrick pamoja na imani yake, au hiyo ni kazi ya Kanisa peke yake? Karibuni, leteni hoja.