Mjadala: Kompyuta za shule ziwake kwa foleni, au huduma zote zianze kwa pamoja?

Fundi wa Majengo, Moshi

Wadau, kuna shule ya sekondari hapa Moshi ninayoisaidia kwenye chumba cha kompyuta. Mashine ni za msaada, zina Linux ya zamani. Kipindi ni dakika 40, na dakika nne za mwanzo watoto wanatazama skrini nyeusi. Umeme ukikatika katikati ya somo, tunaanza upya. Nimependekeza tubadilishe utaratibu wa kuwasha ili huduma, yaani programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia, zianze sambamba. Fundi mwenzangu amekataa, anasema tutaharibu kinachofanya kazi. Hoja yangu hii hapa, nipingeni.

Utaratibu wa zamani, yaani SysV, unafuata namba za skripti, yaani mafaili ya maagizo ya kuanzisha kila huduma: S10 ikimaliza ndipo S12 inaanza. Huduma ya printa ikichelewa, walio nyuma yake wote wanasubiri, hata wasiohitaji printa, na prosesa imekaa bure. Anayepika mbege, pombe yetu ya ndizi, hafanyi hivyo. Ndizi zinachemshwa na kuachwa zichachuke, huku ulezi unaoteshwa, unakaushwa na kusagwa. Vinasubiriana pale tu vinapokwenda kuchanganywa.

Mdau wa Sakina, Arusha

Mkuu, mimi niko upande wa mwenzako. Foleni ikikwama, jina la mwisho kwenye skrini ndilo pa kuanzia. Ukiziachia zote kwa pamoja, leo hifadhidata inatangulia, kesho inachelewa. Kosa linajitokeza mara moja kwa wiki na siku hiyo fundi hayupo. Mwalimu atafanya nini?

Tena si sisi peke yetu tunaobishana. Debian, watengenezaji wa aina moja ya Linux, walivutana sana juu ya systemd, mfumo mpya wa kuwasha unaoanzisha huduma sambamba, na si kwa sababu ya kasi tu, hadi Februari 2014 kura ya mwenyekiti wa kamati yao ya ufundi ndiyo ikaamua itumike. Baadhi ya waliokataa walijitenga wakaanzisha Linux yao, Devuan.

Fundi wa Majengo

Kaka, hofu yako ina msingi. Lakini hilo kosa la mara moja kwa wiki linaletwa na utegemezi ambao hakuna aliyeuandika. Debian 6 ya mwaka 2011 ilibaki na skripti zile zile za SysV, ila kila skripti ilitaja juu yake inahitaji nini kitangulie. Zisizohitajiana zilianza pamoja. Kwa hiyo unaweza kuikataa systemd na bado ukapata usambamba.

Na systemd yenyewe, iliyotangazwa 2010 na Lennart Poettering na Kay Sievers, ina mbinu ninayoipenda mno, ambayo launchd, mfumo wa kuwasha wa Apple, ilikuwa nayo tangu 2005. Soketi, yaani milango ambayo programu hupitishia ujumbe, zinafunguliwa kwanza, kabla huduma zenyewe hazijaamka. Ni kama sanduku la posta: barua yako inaingia hata kama mwenyewe hajafika mjini, akifika ataisoma. Anayetuma ujumbe hakwami mpaka atakapohitaji jibu.

Mwalimu wa TEHAMA, Himo

Samahani mafundi, mmepima? Maana mnabishana juu ya foleni ya huduma, na huenda foleni yenyewe iko kwenye diski. Diski ya kuzunguka haiwezi kusoma sehemu mbili kwa wakati mmoja. Ukiipa maombi kumi kwa pamoja, kichwa chake kinarukaruka huku na huku na muda unaishia njiani. SSD, diski isiyozunguka, haina kichwa cha kusogeza.

Mwaka 2008 Arjan van de Ven na Auke Kok wa Intel waliiwasha Asus Eee PC kwa sekunde 5. Ilikuwa na SSD, na walianza kwa kugawa muda: sekunde 1 ya keneli (kiini cha Linux), 1 ya huduma za mwanzo, 1 ya mfumo wa picha, 2 za eneokazi. Kisichotosha humo kilirekebishwa au kiliondolewa. Je, huduma ya printa inafanya nini kwenye chumba kisicho na printa?

Fundi wa Majengo

Mwalimu, sijapima, na hapo umenishika. Printa kweli haipo. Huduma hiyo naizima kesho.

Jumamosi naweka bootchart kwenye mashine mbili. Inachora prosesa na diski zilivyofanya kazi kila sekunde. Diski ikionekana imejaa kazi muda wote, nitaiomba bodi ya shule SSD kabla ya kugusa utaratibu wa kuwasha. Prosesa na diski zikionekana zimelala huku huduma moja inasubiriwa, msimamo wangu uko pale pale. Kaka wa Sakina, njoo tuutazame mchoro pamoja na huyo mwenzangu; nauli ya kurudi Arusha ni juu yangu.