Muundo wa virelai katika wimbo wa Guillaume de Machaut

Mwanafunzi wa Noti
Wapenzi wa muziki wa kale, naomba ufafanuzi kuhusu Douce dame jolie, wimbo wa mapenzi wa Guillaume de Machaut, mshairi na mtunzi wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1377. Kila kibwagizo kinapokaribia kurejea, mahadhi yake huwa yameshaanza kusikika kwa maneno mengine, hata msikilizaji akadhani kibwagizo chenyewe kimegeuzwa. Je, huo ndio utaratibu wa virelai, yaani umbo la wimbo wa Kifaransa wa zama za kati ambalo wimbo huu unalifuata, au ni hiari ya waimbaji? Tena, virelai inatofautianaje na rondeau, umbo jingine la wimbo wa kibwagizo wa zama hizo?

Bi. Mahadhi
Ndugu Mwanafunzi, huo ndio utaratibu wenyewe. Virelai hujengwa kwa vipande viwili tu vya mahadhi. Kibwagizo hutangulia kwa kipande cha kwanza. Kipande cha pili hufuata mara mbili kwa maneno mapya. Kisha cha kwanza hurudi, nacho kikiwa na maneno mapya, ndipo kibwagizo kinapoimbwa tena. Wataalamu huandika A b b a A, herufi kubwa ikionyesha kwamba maneno na mahadhi vimerejea pamoja, na ndogo kwamba ni mahadhi peke yake. Kwa kuwa wimbo huu una beti tatu, ukiimbwa wote utasikia kipande cha kwanza mara saba na cha pili mara sita.

Kwangu mimi, uzuri wote umo katika hiyo a ndogo. Katika kibwagizo mpenzi anamsihi bibi yake asidhani kwamba yuko mwingine anayemtawala; katika ubeti wa kwanza, kwa sauti ileile, analia kwamba anaomba tumaini na msaada kama maskini, na kwamba furaha yake imekwisha asipoonewa huruma. Kiapo na kilio vinatumia mahadhi mamoja, kwa hiyo kibwagizo kikirudi hakisikiki tena kama mwanzo. Kufikia ubeti wa mwisho anamwita bibi huyo adui mtamu na kumwomba amuue upesi. Tazama pia vina: wimbo mzima, beti na kibwagizo, unakwenda kwa vina viwili tu, -ie na -ent.

Msomaji wa Reims
Niongeze kuhusu rondeau. Umbo lake la kawaida ni A B a A a b A B: kibwagizo chote husimama mwanzoni na mwishoni, na nusu yake ya kwanza hujitokeza katikati, jambo ambalo virelai haina. Machaut, aliyekuwa kanoni, yaani mjumbe wa baraza la kanisa kuu la mji wa Reims, alitunga rondeau nyingi kwa sauti zaidi ya moja, ilhali virelai zake nyingi ni za sauti moja. Sababu inaeleweka ukikumbuka kwamba virelai ilifungamana na dansi: katika shairi lake refu Remede de Fortune, mpenzi anaimba virelai pale bibi yake na wenzake wanapocheza kwa duara.

Bi. Mahadhi
Ndiyo maana napendekeza, Ndugu Mwanafunzi, uanze na rekodi ya mwimbaji mmoja asiyesindikizwa na ala. Noti za wimbo huu zilizomo katika miswada ni za sauti moja tu. Ngoma na zumari tunazozisikia leo zimeongezwa na wanamuziki wa sasa, na mara nyingi huifunika ile a ndogo uliyoiulizia.