Wameshikilia skripti yangu miezi 14 bila kunilipa, halafu wananiambia "soko limebadilika"

Wakuu, nimejizuia wiki tatu nzima nisiandike nikiwa na hasira. Hasira yenyewe imegoma kupungua, basi naandika hivihivi.

Kampuni moja ya utayarishaji ilikaa na skripti yangu miezi 14. Majibu niliyopata ni ujumbe wa mistari mitatu: wameipitia tena na timu, soko limebadilika, na kwa maoni yao stori haina jambo jipya. Asante kwa ushirikiano. Matoleo 7 nimewaandikia. Kurasa 108 kila toleo, nyingine zaidi. Hata senti moja haijatoka mfukoni mwao.

Hilo la "haina jambo jipya" ndilo lililonikaba koo, na ili mnielewe inabidi niwaeleze stori yenyewe. Ni nahodha mstaafu wa kivuko, mwanamke wa miaka 61, anayeitwa mahakamani kutoa ushahidi kuhusu ajali iliyoua abiria wake. Sini ya kwanza, yaani tukio la kwanza la filamu, haina neno hata moja. Anatoa koti lake la kazi kabatini, anakuta kifungo kimoja kimeng'oka, anakishona kwa uzi mweusi juu ya koti la bluu kwa kuwa ndio uzi alio nao. Ukurasa mmoja na nusu tu. Karibu na mwisho, akiwa kizimbani, wakili anamuuliza lile swali aliloishi akiliogopa, na mkono wake unapanda wenyewe kwenye kile kifungo. Hasemi kitu. Mtazamaji anakuwa ameshajua jibu. Niliitafuta sini hiyo karibu mwaka mzima.

Kikao cha kwanza walikuwa watano, na wote waliisifu. Mmoja alisema hajawahi kukutana na mhusika wa aina hii. Nikapewa mkataba wa kuwapa haki ya kushikilia skripti miezi 12, wao wakiwa na uhuru wa kuongeza muda, malipo yatakuja mwekezaji akipatikana. Nikasaini. Nilikuwa nimeshazungusha skripti hiyo kwa watu 19, na huyu alikuwa wa kwanza kusema ndiyo.

Kisha marekebisho yakaanza. Miaka 61 ni mingi, watazamaji hawatamfuata, mpunguze. Nikamfanya 45, skripti ikarudi, wakasema 32. Mwanzo unachelewa, toa kushona, weka ajali yenyewe na mlipuko. Toleo la 4 nahodha akawa mwanamume, maana kuna staringi mmoja alionyesha nia. Toleo la 5 akapewa mpenzi. Toleo la 6 yule staringi akajitoa, lakini nahodha akabaki mwanamume. Na hapa ndipo ninapoumia: kwenye toleo la 7, kule mahakamani, bado yule jamaa anagusa kifungo. Hakuna aliyekumbuka kwamba sini ya kushona ilishafutwa. Mkono unakwenda kwenye kifungo ambacho hakina maana yoyote kwa mtu yeyote, na hakuna hata mmoja kati ya watu watano aliyeliona hilo. Mimi mwenyewe nililiacha makusudi, nione kama wanasoma.

Hawakuwa wanasoma. Kikao cha mwezi wa 9, nahodha akiwa bado mwanamke, yule mwenye kauli ya mwisho aliniuliza, "Hivi mume wa huyu mama anakufa lini?" Mume amekufa kabla stori haijaanza. Picha yake ya msibani iko ukurasa wa 3.

Baada ya kuninyang'anya kila kilichokuwa kipya, wanarudi kuniambia haina jipya!

Sasa kabla hamjaniambia kukataliwa ni sehemu ya kazi hii: najua. Wale 19 walionikataa sina ugomvi nao. Wengine walijibu ndani ya wiki mbili, "si yetu, kila la heri," nikashukuru na kuendelea. Hapana ya mapema ni heshima. Hata woga wa wanunuzi nauelewa. Filamu inakula fedha nyingi kuliko karibu kazi yoyote nyingine ya sanaa, na skripti ikiwa mezani bado ni maneno matupu. Aliyeidhinisha filamu ikaanguka anaweza kupoteza kiti chake, ila sijaona mtu aliyefukuzwa kwa skripti aliyoikataa. Kwa hiyo hawasemi ndiyo, na wakiogopa kwamba mwingine ataichukua hawasemi hapana pia. Wanasema "tuendelee kuiboresha." Hofu ni yao, lakini anayeigharamia ni mimi, kwa usiku wangu na kwa kazi nyingine nilizoziacha.

Swali lao la kwanza siku zote ni "inafanana na nini?" Ukisema haifanani na kitu, wanaona hatari. Ukitaja kitu, wanasema hicho kimeshafanyika. Na kila mtu akitaka kunifariji ananitolea mfano wa Hwang Dong-hyuk, yule Mkorea aliyeandika Squid Game, ile tamthilia iliyovuma, kwanza kama filamu mwaka 2009, akakataliwa karibu miaka kumi, akafikia kuuza kompyuta yake, mpaka ilipotoka Netflix mwaka 2021. Jamani, huo si mfano wa kunipa moyo. Mtu kapoteza muongo mzima wa kazi yake kwa sababu walioshika fedha waliona stori ni ya ajabu mno. Na nimeshakaa na mnunuzi akaniambia kwa kinywa chake, "tuletee kitu kama kile."

Tatizo si kwamba hawaijui stori nzuri. Mwaka 2005 Franklin Leonard, akifanya kazi ndani ya Hollywood kwenyewe, aliwauliza wenzake wa tasnia ni skripti zipi walizipenda zaidi ambazo bado hazijatengenezwa. Orodha ikatoka, wakaiita Black List, na imeendelea kutoka kila mwaka. Fikirieni maana yake. Watu ambao kazi yao ni kutafuta skripti walikuwa nazo mezani, wanazipenda, wanasimuliana, na zimelala.

Kuhusu ule mkataba, ninayoyajua leo nayaandika kwa ajili ya anayeanza. Mtu akitaka kuishikilia skripti yako, anapaswa kuulipia muda huo. Kawaida ni miezi 12 hadi 18, na mara nyingi malipo yanapigwa kama asilimia 10 ya bei ya kuinunua, yanakatwa humo baadaye akiinunua. Akiongeza muda, analipa tena. Kuandika upya ni kazi nyingine yenye malipo yake. Waandishi wa Marekani kupitia chama chao, WGA, waligoma siku 148 mwaka 2023, na moja ya mambo waliyorudi nayo ni kwamba mwandishi wa filamu anayelipwa viwango vya chini ahakikishiwe malipo ya hatua ya pili ya uandishi, asikwame kwenye hatua moja akirekebisha bure bila mwisho. Wale wana chama na wanasheria, na bado ilibidi wagome. Mimi peke yangu, na barua pepe yangu, ningefanya nini?

Kuna wanaosema "ficha wazo lako, wataliiba." Hilo halinisumbui sana. Wazo halina mwenyewe kisheria. Kinacholindwa ni namna ulivyoliandika, na chini ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ulinzi huo hauhitaji hata usajili. Tena huwezi kuuza skripti ukiwa umeificha. Mimi sikuibiwa wazo. Nimeibiwa muda, na wizi wa namna hiyo hauna mahakama ya kuupeleka.

Na bado hatujamalizana. Haki yao imekwisha, kwa karatasi skripti ni yangu. Lakini matoleo yale 7 yana maoni yao ndani, na mnunuzi yeyote makini ataniuliza: yule mlinzi wa bandarini ni wa nani, ule mwisho wa toleo la 6 aliupendekeza nani? Bila barua yao inayosema hawadai kitu chochote, hakuna atakayeigusa. Nimeiomba barua hiyo mara tatu. Ni aya moja tu, nimewaandikia mpaka maneno, wao waweke sahihi. Ya kwanza walijibu "tunaifanyia kazi." Mbili zilizofuata, kimya. Kwa hiyo hawaitaki, na hawaiachii.

Toleo la kwanza nimelifungua tena juzi. Nahodha ana miaka 61, uzi ni mweusi, koti ni la bluu. Nikipata ile barua siku hiyohiyo naipeleka kwa mtu wa 21.

Kama kuna mwenzetu aliyewahi kufanikiwa kuitoa barua ya namna hii kwa watu waliokaa kimya, naomba aniambie aliandika nini, na alimwandikia nani.