Ushauri: Hawk T1 ya 1/72, naweza kutoa Mk 52 ya Kenya na 203 ya Oman?

Bawa_Mshale: Wakuu, nina seti mbili za modeli ya kuunganisha ya Hawk T1, ile jeti ya mafunzo ya Uingereza, kwa kipimo cha 1/72 ya ndege halisi. Moja nataka iwe toleo la Mk 52 la Kenya, ya pili Hawk 203 ya Oman, ile ya rubani mmoja. Nianze kukata wapi?

Fundi_Msasa: Mk 52 haina makuu. Kenya ilichukua 12, za viti viwili kama T1. Tazama chini ya mabawa: T1 ina pailoni (kishikizo cha silaha) moja kila upande, 52 ina mbili. Za nje zichonge kwa plastiki bapa ya mm 1.5 ukifuatisha za ndani. Katikati ya tumbo weka podi, yaani kasha, ya mzinga wa ADEN wa mm 30. Mtutu wa kwenye seti huwa mnene kama kijiti, ukate upachike kipande cha sindano ya hospitali ya saizi 23G.

203 usiihangaikie kwa seti hiyo. Pua yote ni nyingine, ina radar ya APG-66H, na chumba cha rubani kimechorwa upya. Utachonga nusu ya mbele nzima kwa pati (udongo wa kuzibia), na bado itakataa kulingana pande mbili. Tafuta seti ya Hawk 200.

Bawa_Mshale: Na Hawk 103 ya Oman, ya viti viwili?

Fundi_Msasa: Hiyo inawezekana, Oman ilinunua nne. Refusha pua, kisha ongeza reli za makombora kwenye ncha za mabawa. Upana wa mabawa wa ndege halisi unatoka m 9.39 hadi 9.94, kwa hiyo kwenye modeli kila ncha inaongezeka chini kidogo ya mm 4. Wengi huzidisha.

Chubwi_Kavu: Kabla hujafunga kiwiliwili, weka uzito puani, la sivyo itakalia mkia. Shikiza sehemu zote kwa utepe, iegemeze kwenye mstari wa magurudumu makuu, ongeza chubwi za kuvulia mpaka pua ishuke, halafu zidisha gramu moja kwa ajili ya rangi. Usizigandishe kwa gundi nyeupe ya mbao: risasi ya chubwi huoza humo, inavimba na kupasua pua baada ya miaka. Tumia epoksi. Gundi nyeupe iwekee kanopi (kioo cha juu ya rubani), maana mvuke wa supagluu huacha ukungu kwenye kioo.

Fundi_Msasa: Na mabawa ya mkia yanainama chini, si ya kunyooka. Yaegemeze kwenye vipande vya kadibodi mpaka gundi ikauke kabisa.