Mjadala: Baba asipotoa matunzo, mama asilaumiwe akimzuia kumuona mtoto?

Wadau, swali hili likiibuka, iwe saluni au kwenye kikao cha familia, watu hugawanyika papo hapo. Kina mama wengi hujibu kwa mkato: "Hatumi hela, haoni mtoto." Kina baba nao wana lao: "Sioneshwi mtoto, hela ya nini?" Kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze, na ada ya shule haimsubiri yeyote.

Naweka msimamo wangu mapema ili mnipinge vizuri: matunzo ni jambo moja, kumuona mtoto ni jingine. Anayeyafunga pamoja anamdhulumu mtoto, awe baba au mama.

Sheria ya Mtoto ya 2009, kwa Tanzania Bara, kifungu cha 26, inapogusa wazazi waliotengana, haki inampa mtoto mwenyewe: atunzwe na asome kama alivyokuwa akipata mwanzo, aishi na mzazi ambaye mahakama inaona atamlea vyema, na amtembelee na kukaa na yule mwingine anapotaka, mradi masomo yasiharibike. Anapotaka yeye mtoto. Kwa hiyo mama anayemblock baba hajamkomoa baba peke yake, na baba anayekata matumizi hivyo hivyo.

Najua mtaniambia sijakesha na mtoto mwenye homa huku baba yake anaposti picha za bichi. Kweli. Na wapo kina baba wanaokuja saa tatu usiku, "nimekuja kumuona mwanangu", mtoto kashalala zamani. Huyo kaja kukagua nani yuko ndani. Kukiwa na kipigo au unyanyasaji, hapo twende Dawati la Jinsia na Watoto polisi, habari za ratiba ziwekwe kando kwanza.

Lakini kesi nyingi ninazozisikia hazina kipigo, zina "utakuja wikiendi". Wikiendi ipi, saa ngapi, nani anamrudisha? Andikishaneni, ikiwezekana mbele ya afisa ustawi wa jamii; ikishindikana, kifungu cha 38 kinamruhusu mzazi kuiomba mahakama impe nafasi ya kumuona mtoto. Kuna wawili nawafahamu, hawasalimiani mpaka leo. Mtoto anapokelewa kwa bibi mzaa mama Jumamosi asubuhi, anarudishwa hapo hapo Jumapili jioni. Kwenye begi mama anaweka dawa ya pumu na karatasi yenye saa za kuivuta, na karatasi inarudi imewekwa tiki kwa mwandiko wa baba. Mimi sihitaji wapendane zaidi ya hapo.

Halafu hili la miaka saba. Kuna baba anahesabu miaka: "Akifika saba namchukua." Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka saba ni vyema akae na mama, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Haisemi akitimiza saba anakabidhiwa kwa baba kama mzigo uliofika stendi. Kifungu hicho hicho kinaitaka mahakama iangalie ubaya wa kumhamishahamisha mtoto. Kina mama nanyi, kukaa na mtoto hakumfuti baba katika kumtembelea, hata akiwa na miaka miwili.

Sasa pagumu. Baba ana uwezo, mwaka mzima hajatuma hata mia, lakini kila Jumamosi anamtaka mtoto. Mimi nasema akabidhiwe, na kesi ya matunzo iendelee. Mnaokataa, mtoto akiuliza kwa nini haendi kwa baba mtamjibu nini?

Na mtoto wa miaka kumi akisema mwenyewe "sitaki kwenda", mtajuaje kama ni lake moyoni au kalishwa maneno nyumbani? Hapa nawasikiliza nyie, hasa waliolelewa hivyo.