Ushauri: mtoto wa kwanza alikuwa na tatizo la mifupa, sasa nina mimba tena

MamaTumaini: Habari wapendwa. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa na mikono na miguu mifupi mno, kifua chembamba, akafariki siku hiyohiyo. Tuliambiwa tu ni "tatizo la mifupa". Sasa nina mimba ya wiki 12. Mimi na mume wangu tuna kimo cha kawaida, na kwenye koo zetu hayupo mwenye hali hiyo. Je, itajirudia? Kipimo gani kitaonyesha mapema?

MkungaMstaafu: Pole sana mwanangu. Anza na ultrasaundi kwa daktari mzoefu. Hali kali kama hiyo mara nyingi huonekana kabla ya wiki ya 20. Omba wapime mifupa mirefu yote, si paja peke yake, na mzunguko wa kifua. Mbavu zikiwa fupi mapafu hukosa pa kukulia, na hapo ndipo uhai wa mtoto ulipo. Akondroplasia, aina ya ufupi wa mifupa ambayo watoto wake wengi huishi, hujificha hadi baada ya wiki ya 24 hivi.

Zuhura_M: Shikamoo bibi. Mimi ningetafuta jina kwanza, maana magonjwa haya ni mamia. Kama ilikuwa hitilafu mpya ya FGFR3, jeni inayoongoza ukuaji wa mifupa, ambayo wazazi hawana, uwezekano wa kujirudia ni mdogo sana. Lakini kama ni ugonjwa ambao baba na mama wote wameubeba bila kuumwa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25, hata kama ukoo mzima ni wazima. Dada, mtoto alipigwa eksirei?

Mtulivu: Mwachie Mungu, vipimo vitakupa presha bure.

Zuhura_M: Mtulivu, kumwomba Mungu hakumzuii kujua. Akijua mapema atachagua pa kujifungulia.

MamaTumaini: Eksirei ilipigwa. Mume wangu atafuatilia faili. Ila nasikia kuna kipimo cha sindano ya tumboni, naiogopa.

MkungaMstaafu: Hofu yako naielewa. Kwa sindano hiyo maji ya uzazi huchukuliwa kuanzia wiki ya 15, jeni za mtoto zikapimwe. Hatari ya mimba kutoka ipo ila ni ndogo. Baadhi ya hitilafu za FGFR3 hupimwa hata kwenye damu ya mama. Ila maabara lazima ijue inatafuta nini, kwa hiyo faili lipatikane wiki hii, mlipeleke kwa mtaalamu wa vinasaba. Hata kama sampuli ya mtoto haipo, ninyi wawili mnaweza kupimwa damu.